Mwambieni mgonjwa kabla hamjamwamsha mezani

Mhariri,

Nimefanya kazi ya kuwapa wagonjwa dawa ya usingizi miaka 27, nikikaa kichwani kwa mgonjwa huku daktari bingwa akishughulika na mgongo. Nimestaafu, ila kuna jambo kuhusu kumwamsha mgonjwa katikati ya upasuaji wa mgongo naomba wenzangu walioko kazini walitilie maanani.

Upasuaji mfupi wa kiunoni, kama kutoa kipande cha diski (kitakio laini kati ya pingili) kinachobana mshipa wa fahamu, unaweza kufanyika kwa ganzi ya mgongoni. Wengi huikataa wakidhani sindano inachoma uti wenyewe, yaani ile kamba ya fahamu iliyo ndani ya mifupa ya mgongo. Kwa mtu mzima uti huishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sisi tunachoma chini ya hapo.

Lakini mtoto mwenye mgongo uliopinda, anayenyooshwa kwa vyuma na skrubu, ganzi hiyo haimfai. Inakata mawasiliano ya ubongo na miguu, na mawasiliano hayo ndiyo tunayoyalinda. Penye mashine ya kufuatilia mishipa ya fahamu, umeme mdogo hupitishwa kichwani, jibu likasomwa kwenye misuli ya miguu. Siku hiyo hata dawa zetu hubadilika: gesi ya usingizi inapunguzwa kwa kuwa inafifisha jibu, propofoli, dawa ya usingizi ya maji, inapita kwenye dripu, na dawa ya kulegeza misuli inaachwa iishe.

Pasipo mashine, ipo njia iliyoelezwa mwaka 1973 na madaktari wa Ufaransa, Vauzelle, Stagnara na Jouvinroux: unapunguza usingizi katikati ya upasuaji, unamwita mgonjwa, unamwambia afinye mkono kisha achezeshe vidole vya miguu. Mikono ikitii na miguu ikagoma, vyuma vinalegezwa upesi.

Niliwahi kumwamsha hivyo binti wa miaka 14. Alikuwa kifudifudi, uso kwenye sponji, mrija kooni. Nilipomwita alishtuka, akataka kuinuka na mgongo ukiwa wazi. Tulimshika watu watatu. Baba yake alikuwa ametia saini fomu zote, lakini binti mwenyewe hakuna aliyemwambia kwamba ataitwa. Mimi pia sikumwambia, na lile linaniuma hadi leo. Alipotulia, kidole gumba cha kushoto kilicheza, kisha cha kulia. Nililia nyuma ya barakoa.

Tangu hapo, jioni ya kuamkia upasuaji nilikwenda wodini. “Mwanangu, kesho nitakuita. Utakuta mrija mdomoni, hutaweza kusema. Usiinuke. Nifinye mkono, halafu chezesha vidole vya miguu.” Tulirudia mpaka afanye akiwa amefumba macho. Asiyejua Kiswahili vizuri, nilimwomba ndugu yake anifundishe maneno hayo kwa lugha ya kwao.

Naziomba hospitali zetu ziliandike zoezi hili kwenye maandalizi ya kila upasuaji wa namna hiyo, na lifanywe na yuleyule atakayekaa kichwani, ili sauti itakayomwita mtoto mezani iwe ile aliyokwisha kuisikia wodini.

Muuguzi mstaafu wa usingizi,
Dodoma