Mama, uliuliza kama tunaelewana

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mfikishie na Baba shikamoo yake, na wadogo zangu wote wasalimie. Sisi ni wazima, ila miguu inatuuma, na hicho ndicho kisa cha barua hii.

Siku ile uliponipigia simu uliuliza swali moja, kisha ukanyamaza: "Na mwenzako, mnaelewana?" Nikakujibu haraka haraka kwamba tuko salama. Ulijua kuwa sikukujibu, nami nilijua kuwa umejua. Mama, hatukuwa tumegombana. Mkwe wako alikuwa akifanya kazi zamu ya usiku, mimi mchana, tunapishana mlangoni, mmoja anavaa viatu na mwingine anavua. Watu wakipishana hivyo kwa muda mrefu huacha hata kugombana, na ule ukimya ndio uliokuwa ukinitisha. Huku hakuna shangazi wa kumkimbilia wala mzee wa kutukalisha chini atusikilize.

Basi tukapata mwisho wa wiki ambao wote wawili tulikuwa huru. Tukakodi nyumba ndogo ya mbao milimani, tukatoka Atlanta Ijumaa jioni, tukaendesha gari kuelekea kaskazini mpaka usiku. Nyumba yenyewe haina makuu: chumba kimoja, jiko la kuni la kupasha joto, na kibaraza kinachotazama bonde. Pipa la taka lina komeo maalumu kwa sababu ya dubu. Usishtuke. Dubu weusi wako wengi huko, yapata 1,900 ndani ya hifadhi ya milima hiyo, na sheria inamtaka mtu asiwakaribie chini ya mita 46 hivi. Sisi hatukumwona hata mmoja.

Milima hiyo inaitwa Great Smoky Mountains. Iko mpakani mwa majimbo ya Tennessee na North Carolina, na mpaka wenyewe unapita juu ya vigongo vya milima. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1934, na hakuna hifadhi ya taifa Marekani nzima inayotembelewa na watu wengi kama hiyo. Jina lake linatokana na ukungu unaofanana na moshi. Misitu ile hutoa mvuke wake wenyewe hewani, na asubuhi ukisimama kibarazani unaona safu ya milima nyuma ya safu, kila iliyo mbali zaidi ikiwa na ubuluu uliofifia zaidi. Mkwe wako alisimama pale na kikombe mkononi bila kusema neno, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi ukimya wake haukunikera.

Saa mbili na nusu asubuhi tulishika njia ya Alum Cave, kuelekea Mlima Le Conte. Kilele chake kiko mita 2,010 juu ya usawa wa bahari. Kutoka barabarani hadi kwenye vibanda vya wageni vilivyo karibu na kilele ni kilomita 8, na katika kilomita hizo njia inakupandisha karibu mita 800. Kabla ya kuondoka tulikubaliana jambo moja: ikifika saa nane mchana, popote tutakapokuwa, tunageuka. Mwezi Oktoba giza huingia mapema msituni, na tulitaka kurudi chini mchana.

Mwanzo ni rahisi, na urahisi huo unadanganya. Njia inafuata kijito, unavuka madaraja ya magogo, pande zote mbili vichaka vya rododendroni vimekufunika juu kwa juu. Baada ya hapo unafika Arch Rock, mwamba ambao maji na barafu vimeutoboa polepole mpaka ukawa na tundu la kupita mtu. Ngazi za mawe zinapanda ndani ya tundu hilo, nyembamba na zenye maji, na ubavuni kuna waya mnene wa chuma wa kujishikilia. Kuanzia hapo mteremko unakuwa mkali.

Sasa sikiliza, Mama, maana hapa ndipo penye jibu lako. Mkwe wako ana miguu mirefu na ni mwepesi. Akawa anatangulia, anafika kwenye kona, anasimama kunisubiri. Mimi nikimfikia natweta, yeye ameshapumzika, basi anageuka na kuendelea. Kwa hiyo kila aliposimama, aliyepumzika ni yule asiyechoka, na aliyechoka hakupumzika hata mara moja. Nilivumilia hivyo kwa mwendo mrefu. Kifua kikawa kinaniwaka, na hasira nayo ikawa inapanda pamoja nami.

Tulipofika Alum Cave nikakaa chini. Watu huiita pango, lakini ni genge kubwa la mawe lililoinama mbele kama paji la uso, refu mita 25 hivi, na chini yake ni pakavu kabisa hata mvua inaponyesha. Katika karne ya 19 watu walichimba chumvi ya Epsom, ile chungu ya dawa, hapo. Nikiwa nimekaa kwenye vumbi lile la manjano nikamwambia yote: kwamba ninachoona mlimani ndicho ninachokiona nyumbani. Unatangulia, unanisubiri, na mimi nikifika unaondoka. Nikamwambia kwamba siku yake ya mapumziko huwa ni siku yangu ya kazi, na kwamba nimechoka kuwa mtu wa kufika nyuma ya mlango uliofungwa.

Hakujitetea. Matone yalikuwa yakidondoka kutoka ukingo wa lile genge mbele yetu, akayatazama kitambo, kisha akavua shanta langu, akahamishia chupa zangu za maji kwenye lake, akasema: "Tangulia wewe. Mimi nitafuata mwendo wako."

Hilo tu, na mlima ukabadilika. Waliozoea kupanda milima husema mwendo unaofaa ni ule unaoweza kuzungumza ukiwa unatembea, na ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Nikapunguza mpaka nikaweza kuzungumza. Na tulizungumza! Mambo yaliyokuwa yamekaa miezi yakaanza kutoka moja moja, labda kwa sababu mtu anapotembea mbele ya mwenzake hawatazamani usoni. Nilimsikia nyuma yangu akinieleza jinsi anavyolala mchana pazia likiwa limefungwa na kuamka akiwa hajui ni siku gani. Sikuwahi kuyasikia hayo.

Mbele zaidi njia inapita kwenye ubavu wa jabali. Upande mmoja ni ukuta wa mawe unaotiririsha maji, upande wa pili hakuna kitu, ni ukungu umejaa bondeni. Wameweka waya wa chuma ukutani. Wewe unajua ninavyoogopa vimo vya juu tangu utoto. Nilishika waya ule kwa mikono miwili na miguu ikagoma, si kwa kutaka kwangu. Watu wawili waliokuwa wakishuka wakasimama kutungoja, na hilo likanizidishia.

Mkwe wako hakuniambia nisiogope. Namshukuru mno kwa hilo, kwa maana neno hilo halijawahi kunisaidia hata siku moja. Aliniuliza: "Mkono wako wa kushoto uko wapi?" Nikamwambia uko kwenye waya. "Sawa, acha hapohapo. Jiwe lenye rangi ya kutu, umeliona? Mguu wa kulia uende pale." Nikaupeleka. "Sasa sogeza mkono." Tukaenda hivyo, mguu, mkono, mguu, mpaka ukuta ukaisha. Sauti yake haikupanda wala haikuharakisha. Nilipofika upande wa pili nilikuwa nalia, naye aliniacha nilie, akanishika bega tu.

Juu ni nchi nyingine. Kila unapopanda mita 100 joto hupungua kama nusu nyuzi hadi nyuzi moja, kwa hiyo tuliyoyaacha chini kama ubaridi wa asubuhi tuliyakuta juu yakiwa baridi ya kweli, na upepo juu yake. Miti ni ya jamii ya misonobari, mawe yote yamevikwa ukoga wa kijani, na harufu yake ni ya kupendeza mno. Lakini utaona pia vigogo vingi vya kijivu vimesimama vikiwa vimekufa. Ni kazi ya mdudu mdogo sana aliyeingia Marekani kutoka Ulaya, anayefyonza miti hiyo mpaka ikauke. Inaumiza kuitazama.

Fulana zetu zilikuwa zimelowa jasho. Tulizivua na kuvaa kavu kabla ya kukaa, kwa kuwa mtu aliyelowa akisimama kwenye upepo hupoteza joto upesi kuliko anavyodhani. Vile vibanda vya wageni havina umeme, usiku huwashwa taa za mafuta. Hakuna barabara ya gari inayofika, na sehemu ya mahitaji hubebwa na lama, wanyama wa jamii ya ngamia, wanaopanda mara tatu kwa wiki.

Hapo ndipo niliposikia habari ya Jack Huff, aliyeanza kuendesha mahali pale katika miaka ya 1920. Mama yake alikuwa mgonjwa na alitamani kuuona mlima ambao mwanawe alikuwa akiupenda hivyo. Jack akatengeneza kiti, akakifunga mgongoni, akamkalisha mama yake humo akitazama nyuma, akampandisha mpaka juu kwa miguu yake mwenyewe. Picha yake ipo hadi leo. Baadaye, mwaka 1934, alifunga ndoa hukohuko juu, mahali panapoitwa Myrtle Point, jua likichomoza. Nilipofikiria uzito wa mtu mzima mgongoni kwenye ile njia niliyoipita kwa kutambaa, nilikukumbuka sana.

Saa nane ilikuwa inakaribia. Mkwe wako alitaka tufike kileleni hasa, mwendo mfupi tu kutoka vibandani, na macho yake yalikuwa yameshafika. Akasema, "Dakika chache tu." Nikamkumbusha tulivyokubaliana. Akatazama juu, ukungu ulikuwa unateremka. Tulibishana pale kwenye baridi, kwa sauti, kila mmoja na hoja zake, na Mama, nilifurahi! Tulikuwa tunagombana kama watu wanaoishi pamoja. Mwishowe alikaza kamba za viatu vyake, akageuka. Hakununa njiani, wala hajalirudia tena.

Tulifanya vema kugeuka. Huwa unasema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kupanda kunataka pumzi, lakini kushuka kunataka magoti. Kila hatua ya chini paja linafanya kazi ya breki, msuli unavutika huku umekaza, na uzito wote wa mwili unatua kwenye goti moja. Nusu ya njia goti lake la kulia likaanza kumsumbua. Alificha mwanzoni, nikalitambua kwa namna alivyokuwa akitua. Nikachukua shanta lake, nikampa fimbo zote mbili, tukashuka ngazi ndefu kwa ubavu, mguu mzuri ukibaki juu na ule unaouma ukitangulia chini. Sasa mimi ndiye niliyekuwa nikisema, "Fimbo kwanza. Sasa mguu." Kwenye waya wa chuma nilipita nikimwangalia yeye, na hofu yangu ya vimo haikunisimamisha. Vichakani kwenye kijito giza lilikuwa limeshatanda, tukawasha tochi za kichwani, tukafika garini tukiwa salama.

Goti linaendelea vizuri, analiwekea barafu na uvimbe umepungua. Kama litaendelea kumsumbua nimemwambia aende akaonwe na daktari, na amekubali.

Usiku ule, kando ya jiko la kuni, tuliongea mpaka kuni zikaisha. Alisema alichagua zamu ya usiku kwa ajili ya malipo ya ziada, akidhani ananipunguzia mzigo. Nikamwambia mzigo wangu ni kula peke yangu. Tukachukua karatasi, tukapiga hesabu ya kila kinachoingia na kutoka, tukaona tunaweza kuishi bila malipo hayo tukijibana kidogo, na kwamba safari ya kuja kuwaona itasogea mbele kwa miezi kadhaa. Hilo liliniuma kuliko yote na ndilo lililonichelewesha kuandika. Naomba unielewe, na umweleweshe Baba.

Jumatatu alimwona msimamizi wake. Wamemrudisha zamu ya mchana kuanzia mwezi ujao. Ukipiga simu jioni, mwite yeye kwanza uzungumze naye, atakuwepo.

Mwanao akupendaye