Mwanangu, lifungue hilo duka

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku Mombasa sote wazima, alhamdulillah. Ujumbe wako mrefu nimeusoma, nikaurudia. Unasema duka lako la mtandaoni la leso, hizi kanga zetu, halijafunguliwa kwa sababu nembo haijakaa sawa, picha hazijakupendeza, na jina la ukurasa bado unalifikiria. Kisha chini kabisa, kama jambo dogo tu, ukaandika kwamba unaogopa wenzako uliosoma nao watakucheka. Mimi naona hilo la mwisho ndilo lenyewe. Nembo ni kisingizio.

Sikulaumu, mamangu. Kuuza ni kujianika. Ukitandaza mali yako watu wakapita bila kugeuza shingo, unahisi wamekupita wewe, si leso. Wauzaji wa Biashara Street wanaijua hisia hiyo, hata wale wenye sauti kubwa za kuita wateja. Lakini woga huu hautibiwi na maandalizi. Ungekuwa unatibika hivyo, ungekwisha zamani, maana umekuwa ukijiandaa tangu kabla ya Ramadhani. Dawa yake ni mteja. Mtu usiyemjua akikuandikia, "Hii inachuja?", hapo hapo unaacha kujifikiria wewe na kuanza kumfikiria yeye. Unaichukua leso, unailoweka kipande, unamjibu ulichokiona. Ukishafanya hivyo kwa mtu mmoja, wa pili anakukuta mtu mwingine.

Umeniambia kawia ufike. Ni kweli, ila anayekawia yumo njiani. Wewe bado uko chumbani unachagua viatu.

Hebu itazame leso yenyewe unayotaka kuiuza. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani hii walinunua vitambaa vya leso za mkononi, ambavyo vilikuja vimeungana kwenye jora, wakavikata vitatu vitatu na kuvishona pamoja, ikapatikana nguo moja ya vitambaa sita. Mshono ulipita katikati na kila mtu aliuona. Wakaivaa hivyo hivyo, wakatoka nayo, ikapendwa, ndipo wafanyabiashara wakaanza kuagiza nguo nzima iliyopigwa chapa kwa mfano ule. Duka la Kaderdina Hajee Essak, yule wa chapa ya "Mali ya Abdulla" ambayo bibi yako hakubali nyingine, lilianza hapa Mombasa mwaka 1887. Maneno nayo yaliongezwa baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu. Leo tunaona pindo la kuzunguka, mji wa katikati na jina, yaani yale maneno, kana kwamba vilishuka pamoja, kumbe nguo hii ilikuwa ikitengenezeka huku inavaliwa.

Na hiyo M-Pesa utakayolipwa kwayo ndivyo ilivyokuwa. Majaribio yake ya mwaka 2005 yalikuwa ya watu kulipa mikopo midogo kwa simu. Watumiaji wenyewe wakaanza kutumiana pesa, na ilipozinduliwa Machi 2007 kutumiana pesa ndiyo ikawa kazi yake kubwa. Jambo hilo lisingejulikana kwa kukaa ofisini. Wewe nawe kuna jambo kuhusu wateja wako ambalo hulijui, na hutalijua mpaka wakununulie.

Sisemi ufanye kazi ovyo. Ukali wako naupenda, ni wa bibi yako ule. Nataka uutoe kwenye nembo uupeleke panapomgusa mteja. Picha, kwa mfano. Usiipige leso saa saba mchana, jua linaiua rangi. Ipige asubuhi, kivulini karibu na mlango, ikiwa imekunjuliwa yote ili mji uonekane, na jina lisomeke mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mwanamke wa pwani hanunui leso kabla hajaisoma. Piga nyingine ya karibu, ya ule uzi wenyewe, maana huko mtandaoni hawezi kuishika. Kama si pamba tupu, sema si pamba tupu. Kama nyekundu ile huchuja mara ya kwanza, sema huchuja, umwambie aifue peke yake. Na bei iandike wazi. Hii tabia ya "bei njoo inbox" inachosha watu. Mwenye haya hatakuja, na mwenye haraka ataondoka.

Usiwe na mzaha pia kwenye pesa na mzigo. Mteja akikutumia picha ya skrini kwamba amelipa, usifungashe. Angalia salio lako kwanza. Hapo woga wako una haki, usiuone haya. Mwambie mapema nauli ya kifurushi ni ngapi na kitatoka lini, na siku hiyo kitoke. Ukikosea ukampelekea siyo, mrudishie pesa zake bila maneno mengi. Biashara haigombi.

Kuhusu wale wenye kurasa nzuri unaokaa kuwatazama usiku, umezaliwa katika nyumba ya leso, umeyasoma maneno haya kabla hujajua kusoma shuleni: usisafirie nyota ya mwenzio. Hujui yule alianza lini, hujui nani anampigia picha, hujui kama hata anauza.

Watakaocheka wapo, sitakudanganya. Pengine hata mmoja wa ukoo. Lakini hebu nitajie ni nani hasa hununua leso. Ni mtu anayetafuta doti ya kumpelekea mzazi aliyejifungua. Ni shangazi wa bi harusi anayetaka sare ya kina mama wote na siku zimebaki chache. Ni binti aliyeko Muscat, leso yake ya jikoni imechakaa na huko haoni yenye maneno ya kwao. Hawa wana haja zao, hawana habari na nembo. Uwafikirie hawa unapoandika, usiwaandikie wenzako wa darasani. Anza kwa kuweka picha kwenye status yako ya WhatsApp, kwa namba hiyo hiyo uliyo nayo. Till, ile namba ya M-Pesa ya biashara, utaomba baadaye ukiona malipo yameanza kukuchanganya. Usikope. Nunua daftari, andika kila uliyemuuzia na alichouliza hata kama hakununua. Hao walioulizia wakaondoka usiwadharau, ndani ya maswali yao utajua cha kuagiza.

Alhamisi usiku nitapeleka mzigo kwenye basi, utauchukua Ijumaa asubuhi, ukumbuke kitambulisho. Nimechanganya doti za harusi na za kawaida, na nimeweka chache zenye majina ya mafumbo kwa sababu vijana wa huko Nairobi naona wanayapenda. Bei niliyonunulia nimeiandika kwenye karatasi iliyo ndani. Ya kuuzia ipange mwenyewe, utoe nauli, utoe na jasho lako, wala usiniulize kabla hujaiandika. Ijumaa hiyo hiyo uweke doti moja hewani, yoyote utakayoipenda.

Ukikwama nipigie baada ya Isha, dukani huwa kumetulia. Baba yako anakusalimu sana, na bibi anauliza kama unakula.

Akupendaye,
Mama yako