Shukrani kwa mama aliyetuchimbia shimo la kwanza

Mama, siku ile sikukuuliza jina, na jambo hilo limenikaa moyoni mpaka leo. Ulikuwa unapita njia tu. Ukatukuta kando ya shamba, tumepanda mara mbili na mbegu zote zimefia ardhini, maana mvua ilinyesha siku chache ikakatika. Ukatua mzigo wako, ukaomba jembe.

Shimo la kwanza ulilichimba mwenyewe: upana kama sentimita 30, kina kama 15, udongo ukaulaza upande wa chini wa mteremko ili uzuie maji. Ukatia konzi mbili za samadi. Ukasema hii ndiyo zai, yaani kupanda mbegu ndani ya mashimo yanayoshika maji ya mvua, na kwamba wakulima wa Burkina Faso wamefufua nayo ardhi iliyokuwa ngumu kama sakafu. Mchwa walipoijia samadi nilitaka kuwaua, ukanishika mkono: waache, vijitundu vyao ndivyo vinavyopitisha maji kwenda chini.

Kazi ni nzito, mgongo unajua, na inatakiwa ifanyike kiangazi kabla mvua haijaanza. Lakini msimu uliofuata, mvua ilipokatika tena, siku ya tisa nilichomeka kidole shimoni nikakuta unyevu. Nililia, mama. Miche yote ilikuwa imesimama.

Majirani nao wanachimba sasa. Popote ulipo, asante sana, Mungu akuzidishie. Ukipita tena njia ile, tafadhali tua mzigo. Safari hii tutakuuliza jina.