Wito wa Harambee: Paa la Sinagogi Letu, Mbale

Shalom ndugu zetu, wazee wetu, mama zetu, nanyi vijana wetu mlio Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na ng'ambo.

Tunaandika kwa haya, maana si mara ya kwanza kuwanyooshea mkono. Lakini mvua za mwaka huu zimetufikisha pabaya. Paa la sinagogi letu, nyumba ya ibada ya sisi Wayahudi wa Uganda, hapa kijijini kwenye vilima vya nje ya Mbale, limechoka. Mabati yameliwa na kutu, mbao zimeliwa na mchwa, na sasa panapovuja zaidi ni upande wa kaskazini, pale pale lilipo sanduku la Torati.

Sanduku hatuwezi kulihamisha tu. Sinagogi hujengwa likielekea Yerusalemu. Wayahudi wa Ulaya husali wakitazama mashariki. Sisi wa Mlima Elgon tunatazama kaskazini, ndiko Yerusalemu iliko. Ukuta huo wa kaskazini ndio jengo lenyewe: hapo liko sanduku, juu yake taa isiyozimwa, na mbele yake meza ya kusomea. Kuta nyingine ni matofali ya kuchoma yaliyofyatuliwa na mikono ya wazee wetu, hazina picha wala sanamu, na sakafu ni ya udongo.

Nayo Torati si kitabu cha kununua dukani. Ni gombo la ngozi, herufi 304,805 zilizoandikwa kwa mkono, moja baada ya moja. Herufi moja ikifutika, gombo zima haliruhusiwi kusomwa mbele ya kusanyiko mpaka mwandishi aliyesomea kazi hiyo alitengeneze, na hapa kijijini hatuna mwandishi wa namna hiyo. Basi mvua ikianza siku ya Sabato, usomaji unakatika. Mzee analikumbatia gombo na kusimama nalo kwenye kona iliyo kavu. Torati haiwekwi chini, kwa hiyo akichoka anapokewa na mwenzake, na mwenzake akichoka anapokewa na kijana, huku watoto wamejibanza ukutani, mpaka mawingu yapite. Kuna Sabato ambazo hatukumaliza sehemu ya Torati inayosomwa wiki hiyo.

Wengine wenu mnaijua historia hii kutoka kwa babu zenu, lakini watoto wenu huenda hawajaisikia. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuishika nchi hii ya mashariki kisha akakosana nao, aliisoma Biblia na kuamua kushika sheria ya Musa yote. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe. Aliwaandikia wafuasi wake kitabu cha kanuni na sala, na alipofariki mwaka 1928 aliacha jamii yetu ya Abayudaya, yaani Wayahudi wa Uganda, iliyojua Sabato yake na sikukuu zake. Kisha akaja Idi Amin. Ibada yetu ikapigwa marufuku. Wengi waliingia dini nyingine kwa kuogopa, wakabaki watu kama 300 hivi waliosali kwa siri na milango imefungwa.

Aprili 1979 wanajeshi wa Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni waliikomboa Kampala. Jioni ya tarehe 11 mwezi ule ilikuwa ndiyo ya kuingia Pasaka, sikukuu ya kutoka utumwani. Hatujaacha kumshukuru Mungu kwa hilo, wala kuwashukuru ndugu zetu Watanzania. Wazee waliorudi kwenye imani baada ya hapo ndio waliosimamisha kuta hizi, kwa majembe na debe za maji zilizobebwa kichwani. Majirani zetu Waislamu na Wakristo, ambao mpaka leo tunalima nao kahawa, walitusaidia kubeba matofali bila kuulizwa. Waliojenga hawakuwa na mshahara. Je, sisi tuliosomeshwa, tunaochangia harusi kila mwezi, tutashindwa na mabati?

Tunahitaji mabati ya geji 28, mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, misumari, mifereji ya maji, na saruji ya kumwaga sakafu. Fundi tunaye, na vibarua ni sisi wenyewe. Mwenye pesa alete pesa. Mwenye bati moja alete bati moja. Mwenye mbuzi au gunia la mahindi alete, tutanadi siku ya harambee.

Kila kitakachopokelewa kitaandikwa na kutolewa risiti. Mweka hazina na wazee wawili watatia sahihi kabla ya fedha yoyote kutoka, na hesabu zitasomwa mbele ya wote, majirani wakiwemo.

Harambee itafanyika Jumapili, uwanjani mbele ya sinagogi, kuanzia saa nne asubuhi. Wanaotoka mbali tutawalaza, na chakula kipo. Tafadhali msitume wala kuleta mchango kuanzia Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi usiku, kwa kuwa ni Sabato na hatushiki fedha. Nyota zikionekana, simu ya mweka hazina iko wazi.