“Madhara pungufu kuliko sigara” si sawa na “salama”

Mhariri,

Mwaka 2015 Public Health England, shirika la afya ya umma la Uingereza, lilitangaza kwamba sigara za kielektroniki zina madhara pungufu kwa asilimia 95 kuliko sigara za kawaida. Namba hiyo sasa imekuwa tangazo la dukani, ilhali ilitokana na makadirio ya jopo la wataalamu, si vipimo vya mapafu ya mtu.

Hoja yenyewe ina msingi. Sigara huunguza tumbaku, na kuungua huko ndiko huleta lami na kaboni monoksidi. Sigara ya kielektroniki, yaani kifaa cha mvuke, hupasha kimiminika tu. Lakini utambi unaofyonza kimiminika ukikauka, koili (waya wa kupasha) hupata joto kupita kiasi na formaldehaidi, kemikali yenye sumu, huongezeka. Ukionja ladha ya kuungua, acha hapo hapo. Jaza kimiminika, subiri utambi ulowe. Ikirudi, badili koili.

Marekani walikosea upande wa pili. Mwaka 2019, watumiaji wa vifaa vya mvuke walipojaa hospitalini wakiugua mapafu, onyo lilitolewa kwa jumla mno, dhidi ya mvuke wote. Mshukiwa mkuu alikuja kuwa asetati ya vitamini E, kiungo chenye mafuta, kwenye katriji (vibweta vya kimiminika) za bangi, nyingi za magendo.

Mvutaji aambiwe ahamie mvuke kabisa, maana kuchanganya sigara na mvuke hakumsaidii sana. Asiyevuta asianze. Na nikotini ihesabiwe waziwazi: Uingereza huruhusu tangi la mililita 2 lenye miligramu 20 kwa kila mililita, yaani miligramu 40 tangi likijaa. Mnunuzi wa kawaida hapigi hesabu hiyo kaunta.