Jirani kaniletea mkate, sahani yake bado iko kwangu

Shikamoo anti. Najua pengine we ni mdogo kwangu ila ipokee tu, mwenye shida ndo anayeamkia. Saa hizi ni saa tisa kasoro usiku, niko jikoni nimekalia ndoo maana sebuleni kalala mama mkwe, nikiwasha taa ya kule ataamka aanze maswali yake. Kama maandishi yamekaa hovyo nisamehe, macho yanawasha na simu chaji imebaki kidogo.

Anti mimi nimeletewa mkate. Najua utacheka, utasema mwanamke mzima anakosa usingizi kwa sababu ya mkate. Ngoja nikwambie ulivyokuja. Jumatatu jioni naanua nguo, naona mtoto wa jirani anapita upenyo wa michongoma kashika sahani kwa mikono miwili, imefunikwa kile kitambaa chake cha maua ambacho huwa anatolea wageni. Ndani mkate mzima, umekatwa, umepakwa siagi, vipande vimepangwa viwili viwili. Mtoto akasema kama alivyokaririshwa, mama kasema jirani tusitupane, siku ngumu zinapita.

Siku ngumu zinapita! Anti, siku ngumu zipi? Mume wangu yuko reli, mshahara hauchelewi. Sijawahi kukopa hata kiberiti kwa yule mama, tena yeye ndo anadaiwa na mimi elfu saba ya mchango wa msiba tangu mwezi wa sita na nimenyamaza. Nikapokea, nikasema asante, mwambie mama asante sana, nikaingia ndani nikakaa kitandani na nguo zangu mapajani.

Kumbe ni kitinda mimba wangu, yuko darasa la pili. Kaenda kucheza kule wakamkuta anatoa macho kwenye chai ya watu, alivyoulizwa akasema kwetu mkate hakuna tena, mama kasema hautanunuliwa. Na kweli nilisema hivyo. Sikumfundisha kudanganya na hakudanganya, ndo maana hata kumchapa nimeshindwa.

Mkate niliukataza mimi mwenyewe, tangu mwezi wa nane. Niliamka tu siku moja sikununua, kesho yake sikununua, ya tatu nikatangaza. Sio mkate peke yake, na sembe nikatoa, soda ya Jumapili nikatoa. Nikarudisha vitu vya kwetu, viazi vitamu vya kuchemsha, mihogo, uji wa mtama, mahindi ya kuchemsha, kunde, njugu mawe. Na michembe. Huku Tabora sihitaji kukueleza michembe, ila kwa wasomaji wako wa pwani, ni viazi vitamu vinavyomenywa vikakatwa vipande vyembamba vikaanikwa jua kali la kiangazi mpaka vikakauka, ukivichemsha kabla ya kuanika ndo vinaitwa matobolwa. Michembe unaipika na karanga zilizotwangwa, inakuwa nzito, tamu yake yenyewe, sukari huweki. Mimi naijua kuipika, nimefundishwa na mama yangu Mungu amrehemu.

Sasa nyumba nzima imenigeuka. Binti yangu wa kidato cha pili anasema bora ashinde njaa kuliko wenzake wamkute na michembe kwenye kontena, eti ni chakula cha mwaka wa njaa. Wa kati halalamiki ila nimemkuta na maganda ya keki mfukoni mwa kaptula na hela sijui anatoa wapi. Wiki ya kwanza ya kunde na maharage kila siku, anti naomba nisieleze, tulikuwa tunalala na madirisha wazi. Muuguzi mmoja aliniambia baadaye kwamba nilikosea, vyakula vyenye makapi unaviongeza taratibu na maji unywe mengi, mwili unazoea. Mimi nilivimwaga vyote siku moja kama mtu anayefukuzwa.

Mume wangu ndo kabisa. Kwanza alikataa dona, ule unga wa mahindi yasiyokobolewa, akasema dona ina sumukuvu, hukumbuki 2016 kule Dodoma na Manyara watu walikufa? Nikamjibu sumukuvu inaletwa na mahindi kutunzwa na unyevu yakapata ukungu, sio dona. Akasema ndio, lakini ile sumu inakaa zaidi kwenye pumba na kiini, na ukikoboa unaipunguza. Hapo alinipata maana ni kweli. Kwahiyo sasa nachambua mahindi punje kwa punje kwenye ungo, iliyopasuka natupa, yenye ukungu natupa, iliyobadilika rangi natupa, mgongo unaniuma, afu napeleka mashine mwenyewe nasimama pale nahakikisha hawajachanganya na ya mtu mwingine. Ananiona. Na bado akikaa mezani anauvunja ugali kwa kidole kimoja kama anakagua kitu kimekufa.

Nilijaribu pia mkate wa kahawia. Nikasema basi tukutane katikati. Nilivyogeuza mfuko nikasoma pale nyuma, cha kwanza unga wa ngano, kawaida tu, huko chini wameandika rangi. Rangi anti! Nimelipa hela zaidi kwa mkate uleule umevishwa koti. Nikatafuta atta ile ya ngano nzima nikapika chapati, zikatoka ngumu kama kandambili, wakazichekea wiki nzima. Baadaye nilijua ule unga unataka maji mengi na uuache ulale nusu saa kabla ya kusukuma, ila nani alinipa nafasi ya kurudia.

Na asali. Nikajidai mjanja, niko Tabora, asali ipo, nikatoa sukari kwenye chai nikaweka asali, vijiko vitatu vitatu. Nayo nikaambiwa asali ni sukari vilevile kwa mtu ambaye. Kwa mtu yeyote anayejichunga.

Basi turudi kwa ile sahani. Watoto walivyoiona walipiga kelele kama wameona baba yao karudi safari ndefu. Nikasema msiguse, kabla sijamaliza kusema kipande kishaingia mdomoni. Mume wangu akarudi, akala vinne na chai ya rangi, akajinyoosha akasema leo nyumba imekuwa nyumba. Mbele ya mama yake. Nikamwambia unajua huu mkate umetoka wapi? Unajua tumeambiwa siku ngumu zinapita? Akacheka. Akasema si kweli? Huku kwangu ni ngumu. Afu akasema neno ambalo mpaka sasa linanizunguka kichwani, kwamba mkate kwenye hii nyumba nilileta mimi.

Ni kweli nilileta mimi, sikatai. Alinioa 2008, yeye na mama yake walikuwa wanakunywa uji wa mtama asubuhi na viazi, mimi nilitoka mjini nikaona huu ushamba gani. Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka kijijini Uyui na furushi la matobolwa, nampokea kwa mikono miwili, akishaondoka nagawa kwa majirani. Tena huyuhuyu jirani wa mkate nilishampa! Nilimwambia chukua ukawapikie mafundi wako. Sasa unaona kwanini siwezi kumuangalia usoni.

Na huyo mama mkwe ndo yuko hapo sebuleni, kaja kutibiwa macho. Utafikiri yeye ndo angefurahi. Anakula michembe yangu vizuri, anaisifia, anaomba na maziwa mgando, anakula nayo kama zamani. Lakini juzi tunachambua mahindi akaniangalia sana akasema, mke wa mkate leo umekumbuka matobolwa, mwanangu kuna kitu. Nikasema hakuna kitu mama, ni afya tu ya familia. Akanyamaza. Kale kanyamazo anti bora angenitukana.

Sio kwamba mimi ni mkorofi. Nataka unielewe hapo. Mtu anayechambua mahindi punje kwa punje ni mkorofi? Mtu anayeamka saa kumi kuinjika kunde ziive kabla watu hawajaenda shule? Mkate ni rahisi, ungeniachia mkate mimi ndo ningelala mpaka saa kumi na mbili. Nawafanyia wao. Hawa watoto bibi yao mzaa mama alikatwa mguu kwa ajili ya sukari, kwanza kidole, afu unyayo, afu juu ya goti, nilikuwa namfunga bandeji mimi. Hawakumbuki, walikuwa wadogo. Mimi nakumbuka harufu.

Sasa ngoja niseme na hili kwa haraka maana jogoo limeshawika mara moja. Mwezi wa saba kulikuwa na upimaji wa bure, nilikwenda na mwenzangu wa kikoba tukiwa tunacheka, sijala chochote tangu jana yake usiku, wakanitoboa kidole ikasoma 8.2. Yule muuguzi akasema ukiwa hujala inatakiwa iwe chini ya 6.1, ikifika 7 kwenda juu hiyo ndo tunaita kisukari ila kipimo kimoja hakitoshi, uje kituoni tena wiki ijayo asubuhi bila kula tuhakikishe, na uje na mwenzio nyumbani tuwafundishe wote. Sijarudi. Mume wangu hajui. Hakuna anayejua, hata huyo mwenzangu nilimwambia imetoka 5. Nikaona kama nyumba nzima ikila hivi na mimi nitakuwa nakula hivi bila mtu kuuliza, si ndio? Hakuna atakayeniangalia kama nilivyokuwa namuangalia mama. Kwahiyo nikiwaambia ni afya ya familia sio uongo. Ni uongo kidogo.

Na kingine. Ule mkate wa jirani vilibaki vipande vitano. Niliwaambia watoto nimewapa kuku. Usiku huohuo nilisimama hapahapa nilipokaa nikavila vyote vitano gizani, siagi inanitiririka kidoleni, nalia na huku natafuna. Ulikuwa mtamu anti. Laini. Kwa hiyo usinijibu kwamba niwe imara, imara ndo nilikuwa mpaka saa tano usiku.

Sasa swali langu. Sahani ya mtu kwetu hairudi tupu, unalijua hilo. Leo ni siku ya tatu iko kabatini, imeoshwa, kitambaa nimekifua na kukipiga pasi. Niweke nini? Nikiweka mkate nitakuwa nimemwambia hatuna shida, tazama tunanunua, na watoto wangu wataniona naununua, itakuwa nimejivunja mwenyewe. Nikiweka mchele ni kama nashindana naye. Moyo unataka niweke michembe na karanga, niipike vizuri kweli, lakini si ndo nitakuwa nimesaini kwamba siku ngumu kweli zipo? Ataifunua ile sahani aone michembe, aseme masikini, hata hivi wanajitahidi. Na yeye huyo ndo nilimwambia awapikie mafundi.

Wakati mwingine nawaza nimwite tu nimueleze yeye. Yeye kwanza kabla ya mume wangu. Mama yake naye alikuwa anachoma sindano ya sukari, naijua hiyo habari, asingeshangaa. Afu nawaza mtaa mzima utajua kabla ya adhuhuri. Afu nawaza mume wangu, yeye nimwambie kwa maneno gani, mtu ambaye nimemnyima mkate miezi miwili kwa jina lake wakati ulikuwa wangu? Atasema kwanini hukusema siku ile ile. Angeacha yeye mwenyewe, namjua, angeacha na soda na kila kitu bila ugomvi. Hilo ndo linaniuma, maana basi nimewatesa bure. Lakini sitaki aache kwa kunionea huruma. Au nataka. Sijui anti.

Usiniambie niende kituoni, najua niende. Niambie ninavyomuanza. Asubuhi wakati anavaa sare, au usiku? Mama yake akiwepo au aondoke kwanza? Bandeji ya jicho anatolewa wiki ijayo.

Na hiyo sahani nijibu kabla ya Jumamosi tafadhali. Jumamosi kikoba kinakaa kwa huyo jirani, na mimi ndo mtunza daftari, lazima niende, na siwezi kuingia pale mikono mitupu wakati sahani yake iko kwangu.

Jina langu usiweke. Andika tu mama wa Tabora.