Shukrani kwa dada wa steshenari, karibu na Nyerere Square, Dodoma

Dada uliyekuwa unasubiri fotokopi siku ile, mwenye kilemba cha kijani: jina lako sikulishika, ila shukrani zangu zikufikie popote ulipo.

Nilikuja kuskani kazi zangu nilizochora Kolo, Kondoa, kwenye ile michoro ya kale ya miambani. Ukauliza zinaenda wapi. Nilipotaja Pratt Institute, chuo cha sanaa na usanifu cha Brooklyn, New York, ukaweka simu pembeni. Ukasema skana inaua rangi ya udongo. Ukazibeba mpaka barazani, ukaziegemeza ukutani kivulini, ukashika shuka jeupe lirudishe mwanga, tukapiga picha moja moja bila flashi. Mwenye duka alinuna, na simlaumu. Hela ya kuskani ilimpita hivi hivi.

Kisha ukanieleza bure mambo ambayo wengine huyauza: fomu ya I-20, ile ya kuombea viza ya mwanafunzi, hutolewa na chuo chenyewe, ukishakubaliwa na kuonyesha uwezo wa kulipa, ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni), dola 350, hutangulia usaili wa viza, na usaili ni ubalozini Dar es Salaam. Yote uliyaandika nyuma ya risiti yako ya LUKU!

Barua ya kukubaliwa imefika. Sasa tunahangaika na karatasi za benki kwa ajili ya hiyo I-20. Mama anakuulizia kila siku. Anasema upite Chang'ombe, ugali wa uwele na mlenda vipo.